Kutu inaanzia chini ya tapi: namna ya kutengeneza upya ndani ya gari la zamani

Misisi ni mji wa wachimbaji wa zahabu katika sekta ya Ngandja, teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini. Magari mengi yanayoingia na kutoka huko ni ya zamani. Land Cruiser iliyotengenezwa wakati nchi ilikuwa ingali inaitwa Zaire inabebaga leo magunia ya mchele, mapipa ya mazutu, wachimbaji na motopompe zao. Saa ingine, usiku, inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Mwenye gari la namna hiyo akipata pesa kidogo, jambo la kwanza analofikiria mara nyingi ni viti: simili mpya, rangi ya kupendeza, tapi nyeusi sakafuni. Kiisha mwaka mmoja au miwili, abiria anakanyaga mbele ya kiti chake na mguu unagusa hewa ya njia. Kumbe chini ya tapi ile mpya kutu ilikuwa inakula chuma kila siku ya mvua, na hakuna aliyeiona.

Makala hii inaeleza namna ya kutengeneza upya ndani ya gari la zamani na kuzuia kutu, kwa mpango unaofaa: kwanza maji, pili chuma, mwisho viti.

Gari la zamani ni lipi?

Ulaya na Marekani gari la zamani ni kitu cha starehe. Tajiri analiweka ndani ya nyumba yake, analitoa siku ya jua, watu wanapiga picha. Kuna mahali pengine ambapo gari la zamani linatunzwa sababu ya kazi. Kule Cuba, tangu Marekani ilipofunga biashara na kisiwa hicho mwaka wa 1962, magari ya miaka ya 1950 yameendelea kubeba watu kama taksi mpaka leo, mafundi wakiyatengeneza kwa vyuma vya kuokoteza. Hali ya Fizi inafanana zaidi na hiyo ya pili. Gari la zamani linapendwa sababu linapita pale gari jipya linakwama, na sababu fundi anaweza kulifungua kwa funguo na nyundo, bila kompyuta.

Yanayojulikana zaidi ni ya Toyota. Land Cruiser ya seri ya 40 ilitengenezwa toka 1960 mpaka 1984. Seri ya 60, ile yenye mwili mrefu wa kifamilia, ilianza 1980. Seri ya 70 ilianza 1984 na ingali inatengenezwa. Ndani ya seri hiyo ndimo imo HZJ75 ya miaka ya 1990, yenye injini ya mazutu ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Injini hiyo ikimwagiwa mafuta safi kwa wakati wake inaweza kuishi kuliko mwili wa gari. Hapo ndipo tatizo linapoanza: moyo ungali mzima, lakini nyumba yake inaoza.

Wapo pia wenye Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1948 huko Amsterdam, na mwili wake ulitengenezwa kwa aluminiamu, sababu kisha Vita ya Pili ya Dunia chuma kilikuwa haba Uingereza. Wengi husema "Land Rover haishikagi kutu." Si kweli. Mwili ni aluminiamu, lakini shasi ni ya chuma, na ule ukuta unaotenga injini na watu ni wa chuma vile vile. Tena, pale aluminiamu inapokutana na chuma penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa na kugeuka unga mweupe.

Kutu ni nini

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewa kwa msaada wa maji. Bila maji hakuna kutu, bila hewa hakuna kutu. Rangi inalinda chuma sababu inatenga vitu hivyo viwili na chuma. Rangi ikikwaruzwa, hata pahali padogo sawa kichwa cha msumari, mlango umefunguka.

Kuna jambo moja linalofanya kutu iwe mbaya kuliko uchafu mwingine. Aluminiamu ikishikwa na hewa, inajifunika kwa ngozi nyembamba ngumu, na ngozi hiyo inazuia hewa isiendelee. Kutu ya chuma haifanyi hivyo. Ni laini, ina matundu, inashika maji kama sponji, na inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Kwa hiyo inasukuma rangi kutoka chini, rangi inavimba na kupasuka, maji yanaingia zaidi. Ndiyo maana kutu iliyopakwa rangi juu bila kuondolewa inaendelea kula, tena bila kuonekana.

Sasa, kwa nini ndani? Nje ya gari jua na upepo vinakausha haraka. Ndani, chini ya tapi, maji hayana pa kwenda. Tapi yenye sponji chini yake ikilowa saa moja, inaweza kukaa na unyevu siku nyingi. Sakafu ya gari nyingi ina unene wa karibu milimita 1 tu. Haichukui miaka mingi.

Yanayoongeza kutu kwenye njia ya Fizi na Misisi

Matope ndiyo ya kwanza. Majira ya mvua yanaanza Septemba au Oktoba na kuendelea mpaka Mei. Udongo unaobandika chini ya gari, ndani ya mikunjo ya shasi na nyuma ya matairi unakaa na maji hata kama juu umekauka. Abiria pia wanaingia na matope yao, buti za machimboni zinaleta udongo na maji moja kwa moja juu ya tapi.

Chumvi ni ya pili. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maji matamu, hayana chumvi kama bahari. Lakini magari yanayopanda kutoka Baraka yanabeba samaki wa chumvi, na yanabeba magunia ya chumvi yenyewe. Maji ya samaki yanadondoka, yanapita katikati ya mbao za kupakilia, yanaingia kwenye maungio ya chuma. Chumvi inavuta unyevu wa hewa na inaharakisha kutu sana. Gari lililobeba samaki wa chumvi na halikuoshwa siku ile ile linaumia zaidi kuliko lililovuka mto mara kumi.

Wanunuzi wa Noah, Probox na magari mengine yaliyotumika Japani wanapaswa kujua jambo hilo pia. Kaskazini ya Japani kuna theluji, na njia zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari linaweza kufika likiwa linang'aa juu, na chini limekwisha shikwa. Kabla ya kulipa, mnunuzi analala chini na tochi, kiisha anainua tapi.

Asidi ni ya tatu. Betri iliyowekwa vibaya inatikisika na kumwaga asidi yake. Na kwenye mji wa zahabu kuna asidi ya aina nyingine, ile ya naitriki ambayo wafanyabiashara wengine wanatumia kusafisha zahabu. Chupa ikivunjika ndani ya gari, mahali pale panapaswa kuoshwa kwa maji mengi yaliyochanganywa na magadi, pale pale, si kesho.

Ya nne ni mafuriko. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, na miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda mpaka ndani ya mitaa ya pwani, Uvira na Baraka vile vile. Gari lililozama mpaka vitini halitoshi kuanikwa. Linapaswa kufunguliwa lote, sababu matope yameingia ndani ya milango, ndani ya nguzo za mwili na ndani ya waya.

Hatua ya kwanza: kutoa kila kitu

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, toka Juni mpaka Agosti. Gari likifunguliwa katikati ya mvua, kutu mpya inaanza juu ya chuma kilichosafishwa asubuhi.

Fundi anaanza kwa kutoa nyaya za betri. Kiisha anapiga picha kwa simu: kila kiti, kila waya, kila kona. Picha hizo zitamwokoa siku ya kurudisha. Anatoa viti, tapi, vifuniko vya ndani vya milango, plafo (kitambaa cha chini ya paa), na mpira wa milango. Bolti za kila kipande zinawekwa ndani ya mfuko wake wenye jina lake. Bolti zilizoshikana kwa kutu hazilazimishwi: zinatiwa mafuta mepesi, zinaachwa usiku mzima, kiisha zinagongwa pole pole kabla ya kuzungushwa.

Bolti na vipande vidogo vyenye kutu vinaweza kulowekwa katika siki au maji ya ndimu siku moja. Asidi ya ndimu inakula kutu. Lakini vikitoka humo vinaoshwa kwa maji yenye magadi, vinakaushwa juani na kupakwa mafuta mara moja, bila hivyo vinashika kutu tena kabla ya jioni. Dawa hii ni kwa vipande vinavyotoka tu. Ndimu ikimwagwa kwenye maungio ya mwili wa gari inajificha ndani na kuendelea kula.

Hatua ya pili: kutafuta maji yanapoingilia

Gari likiwa tupu, mtu mmoja anaketi ndani na tochi, mwingine anamwaga maji nje. Anaanza chini, anapanda taratibu: milango, kioo cha mbele, mwisho paa. Akianza juu, maji yatateremka pote na hakuna atakayejua tundu ni lipi.

Mahali panapovuja mara nyingi ni mpira wa kioo cha mbele, hasa kona zake za chini. Kwenye Land Cruiser za zamani fremu ya kioo hicho inaoza kutoka ndani, na maji yanateremka nyuma ya tablo mpaka miguuni pa dereva. Mahali pengine ni ile mifereji ya mvua kandokando ya paa. Seri ya 60 inajulikana kwa kutu ya juu ya matairi ya nyuma na ya mlango wa nyuma.

Mlango una siri yake. Wengi wanadhani mlango unazuia maji yote. Sivyo. Maji ya mvua yanateremka kwenye kioo, yanaingia ndani ya mlango, na yanatoka kupitia matundu madogo ya chini. Matundu hayo yakizibwa na matope, mlango unageuka ndoo. Kazi ya kuyazibua kwa waya inachukua dakika chache na haina bei. Nyuma ya kifuniko cha mlango kuna pia karatasi ya plastiki inayorudisha maji upande wa nje. Mafundi wengi wakitengeneza kioo wanaipasua na kuitupa. Inapaswa kurudishwa: plastiki nene yoyote inafaa, ikibandikwa vizuri pembeni, na sehemu ya chini ikiingizwa ndani ya mlango.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye gari, asiyeziba tundu atanunua sakafu.

Hatua ya tatu: kuondoa kutu na kuchomelea

Fundi wa bati, yule wanaitaga tolie, anagonga sakafu yote kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito, na bisibisi ikisukumwa inapita.

Kutu ya juu juu inaondolewa kwa brosi ya chuma na msasa mpaka chuma cheupe kionekane. Kutu iliyoacha vishimo inasafishwa vile vile, kiisha vishimo vinapakwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori. Dawa hiyo inageuza kutu iliyobaki kuwa ngozi nyeusi iliyotulia. Penye tundu hakuna dawa: panakatwa mpaka chuma kizima, na kipande kipya kinachomelewa.

Kosa linaloonekana sana ni kuweka kiraka juu ya kutu. Kiraka kinaficha ugonjwa, na maji yanakaa kati ya vyuma viwili. Kosa lingine ni kutumia bati la nyumba. Ni jembamba mno kwa sakafu inayobeba watu, tena limepakwa zinki, na zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe unaoleta homa kwa fundi. Kipande cha bati nene kutoka mwili wa gari lingine kinafaa zaidi. Wanaokata pipa la mafuta wanapaswa kukumbuka kwamba pipa tupu la petroli au mazutu ni hatari kuliko lililojaa: mvuke uliobaki ndani unalipuka moto ukigusa. Pipa la namna hiyo haliguswi na moto wala na mashini ya kusagia chuma kabla halijaoshwa vizuri na kujazwa maji.

Chuma chembamba hakichomelewi kwa mstari mrefu. Kinapinda na kutoboka. Fundi anaweka alama moja hapa, moja kule, anangoja chuma kipoe, kiisha anajaza katikati. Kabla ya cheche ya kwanza anaangalia chini ya sakafu, sababu mirija ya breki na ya mazutu inapitaga huko. Ndoo ya maji, mchanga, na mtu wa kuangalia moto vinakuwa karibu. Sponji na simili zinakuwa mbali kabisa na gari.

Hatua ya nne: kuzuia isirudi

Chuma kilichosafishwa kinapakwa rangi ya kwanza siku ile ile. Kinachofaa zaidi ni rangi ya kuzuia kutu yenye zinki. Zinki ina tabia ya kujitoa sadaka: penye unyevu inaliwa yenyewe kwanza, na chuma kinabaki. Mwaka wa 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya uvumbuzi ya kufunika chuma kwa zinki, na mabati ya nyumba yanadumu hata leo kwa njia hiyo.

Rangi ya kwanza ikikauka, maungio yote yanajazwa mastiki. Mastiki inawekwa juu ya rangi, si juu ya chuma kitupu. Kiisha rangi ya mwisho, mara mbili, ndani na chini.

Kunabaki mahali brosi haifiki: ndani ya nguzo, ndani ya vizingiti vya milango, ndani ya shasi. Huko kunanyunyizwa nta laini. Mafundi wasiopata ile ya dukani wanayeyusha nta ya nyuki au mishumaa ndani ya mafuta mapya ya injini. Chombo cha nta kinawekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, sababu nta inawaka. Ikiwa ingali ya vuguvugu inapulizwa kupitia matundu ya mwili. Ikipoa inabaki ngozi inayonata.

Na vidanje, yale mafuta meusi yaliyotolewa kwenye injini? Wengi wanayapaka chini ya gari. Ni kweli yanafukuza maji kwa muda. Lakini yana asidi na masizi ya injini, yanalegeza mpira wa shasi, yanadhuru ngozi ya anayepaka, na mvua ya kwanza inayaosha mpaka mtoni ambamo watu wanateka maji. Ndani ya gari hayafai hata kidogo, sababu harufu yake haitoki. Mawese nayo hayafai: yanachacha, yanashika vumbi, na yanaita panya. Panya akiingia, atakula waya za taa na kuzaa ndani ya sponji ya kiti.

Hatua ya tano: viti, milango, plafo na tapi

Sasa ndipo pesa ya uzuri inatumika.

Kiti kinaanza na fremu yake. Kitambaa cha zamani kinafumuliwa kwa wembe, mshono kwa mshono, bila kukata kipande chenyewe, sababu vipande hivyo ndivyo kielelezo cha kukatia vipya. Fremu na springi vinasafishwa na kupakwa rangi kama sakafu. Juu ya springi kunawekwa kitambaa kizito au turubai ili waya zisikate sponji. Sponji ya godoro la bei ndogo inabonyea haraka. Ngumu ndiyo inayodumu kwenye njia yenye mashimo.

Simili au kitambaa? Kitambaa ni baridi wakati wa jua, lakini kinakunywa maji na jasho. Simili inapanguswa kwa tambara na kumaliza. Kwa gari la Misisi simili inafaa zaidi, mradi mshono usiwe juu ya kalio la kiti pale maji yanakaa, bali upande. Mshonaji anaacha karibu sentimita 1 na nusu ya mshono, anatumia uzi wa nailoni au poliesta, si wa pamba unaooza. Hatua za sindano zikiwa za karibu sana, simili inapasuka sawa karatasi ya stempu. Mashini ya fundi wa viatu inafanya kazi hii vizuri kuliko ile ya kushonea nguo.

Vifuniko vya milango vya zamani ni vya karatasi iliyogandamizwa. Vikilowa vinavimba. Tripleksi nyembamba iliyokatwa kwa kufuata cha zamani na kupakwa vanishi pande zote mbili inadumu. Plafo inabandikwa kwa kola, milango ikiwa wazi, sababu mvuke wa kola unalewesha. Kola inapakwa pande zote mbili, inaachwa mpaka isishike kidole, ndipo zinaunganishwa.

Tapi haibandikwi kwenye sakafu. Hilo ndilo jambo la kushika kuliko yote. Mkeka wa mpira unaoinuliwa kwa mkono mmoja ni bora kuliko zulia la kupendeza lililobandikwa. Land Cruiser za zamani zina matundu sakafuni yenye vizibo vya mpira, yaliyowekwa ili maji yatoke. Matundu hayo yasifunikwe kwa rangi wala kwa mastiki.

Bolti na mikanda

Kiti kizuri juu ya sakafu iliyooza ni mtego. Gari likigonga au kupinduka, uzito wote wa mtu unavuta bolti nne za kiti na zile za mkanda. Bolti zikishika chuma kilicholika, kiti kinatoka pamoja na mtu wake. Kwa hiyo kila mahali pa bolti ya kiti na ya mkanda panaangaliwa kabla ya kurudisha kitu. Penye kiraka, bati nene linaongezwa chini ili nguvu igawanyike. Mkanda uliokatika haushonwi na mshonaji wa viti. Unabadilishwa mzima.

Zebaki ndani ya gari

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya mafundi wa nchi nyingine havizungumzii. Wachimbaji wengi wa zahabu wanatumia zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha yanayokamata zahabu. Chupa ndogo inasafiri mfukoni au chini ya kiti, na ikimwagika inajigawa kuwa matone madogo yanayozama ndani ya tapi na mikunjo ya sakafu.

Zebaki inageuka mvuke hata bila moto, na mvuke huo hauna harufu. Gari lililofungwa juani linakuwa kama chumba cha kuvuta sumu. Inadhuru mishipa ya fahamu, na inadhuru zaidi mtoto na mimba. Kwa mwili wa aluminiamu, kama wa Land Rover, ni balaa la pili: inaingia ndani ya aluminiamu na kuibomoa.

Ikimwagika, milango inafunguliwa na watu wanatoka. Haifagiliwi, sababu ufagio unaisambaza. Matone yanakusanywa kwa karatasi ngumu na kutiwa ndani ya chupa yenye maji inayofungwa vizuri. Tapi na sponji zilizoloa zinatolewa na hazirudi. Hazichomwi, wala haziogeshwi mtoni. Fundi anayeinua tapi ya gari la machimboni na kuona vitone vya fedha vinavyokimbia, anapaswa kuacha kazi na kupitisha hewa kwanza.

Desturi ya kila juma

Gari lililotengenezwa vizuri linaharibika upya kama mwenyewe harudii mambo haya madogo:

– Kisha kila safari ya mvua, mikeka inatolewa, milango inaachwa wazi mpaka sakafu ikauke.
– Kisha kubeba samaki au chumvi, gari linaoshwa siku ile ile kwa maji matamu, chini na juu.
– Matope ya nyuma ya matairi na ndani ya shasi yanaondolewa kabla hayajakauka.
– Matundu ya chini ya milango yanazibuliwa mara moja kwa mwezi majira ya mvua.
– Betri inafungwa imara, na unga mweupe kwenye vichwa vyake unaoshwa kwa maji ya magadi.
– Mkwaruzo wa rangi unapakwa kabla ya mvua inayofuata, hata kwa brosi ndogo.
– Kila mwanzo wa kiangazi, viti vinatolewa na sakafu inaangaliwa kwa tochi.

Mwenye pesa kidogo asisubiri mpaka apate zote. Mpira wa kioo na matundu ya milango vinagharimu kidogo, na vinasimamisha maji. Kiangazi kinachofuata sakafu inaweza kutengenezwa. Viti vya zamani, hata vikiwa na viraka, vinaweza kungoja. Abiria anayepanda Misisi kwenda Baraka hatakumbuka rangi ya simili, lakini anahitaji kushuka salama, yeye na kiti alichokalia.